Joto Langu na Joto la Jengo

Nilikuwa nasikia joto. Basi, nimesema. Kwa muda mrefu nilikana mbele ya ndugu zangu, mbele ya marafiki, na mbele ya daktari ambaye hata hakuwa ameniuliza. Nakuwa nimekaa zangu nimetulia, mara moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni, unafika usoni, na jasho linanitoka kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi mlimani, wakati kila aliye karibu nami amevaa sweta na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Wanawake wa rika langu, tuliofika umri wa kuacha kuzaa, tunaiita "ile hali", na tukishasema hivyo tunabadilisha mazungumzo. Mimi sikuitaja hata kwa jina hilo. Nilisema nimepanda ngazi haraka. Nilisema chai ilizidi tangawizi. Siku moja ya Julai, ukungu umeshuka kutoka Mlima Meru hadi kwenye paa za Moshono ninakoishi, nilifungua madirisha yote na kumwambia jirani kwamba nafukuza mbu. Moshono, mwezi wa Julai, hata mbu wenyewe wamejifunika.

Ningeendelea kukana hadi hali iishe yenyewe, kama si lile jengo.

Jengo ni la watoto watatu wa baba mmoja. Baba alituachia kiwanja Olasiti, wakati huo kikiwa shamba la mahindi, na mji ukalifuata shamba lile mpaka ukalifikia. Mkubwa wetu ni kaka, mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumwona nje ya nyumba yake bila koti la suti. Mdogo wetu ni dada mwenye saluni, na alikuwa anasubiri kwa hamu kuihamishia ghorofa ya kwanza. Katikati nipo mimi, ninayeandika vitabu ambavyo watu huvisifu sana wakipewa bure.

Kaka ndiye aliyesimamia ujenzi. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na picha kwenye simu yake, majengo ya vioo vya bluu tupu, na hakupumzika mpaka letu likafanana nayo. Upande wote wa mbele, unaotazama magharibi, ni kioo kuanzia chini hadi juu. Fundi wa vioo alimuuliza madirisha yafungukie wapi. Kaka akamjibu kwamba kioo kinachofunguka kinaharibu sura. Pande nyingine tatu ni kuta tupu, kwa sababu majirani nao siku moja watajenga. Kwa hiyo madirisha yanayofunguka katika jengo letu la ghorofa tatu yalikuwa yale madogo ya chooni.

Uso wa jengo ulipokamilika, wapita njia walisimama kujitazama na kurekebisha kofia zao. Kaka alifurahi sana. Ndipo akatangaza kwamba jengo la namna ile haliwezi kukosa kiyoyozi. Nikauliza kwa upole, hapa Arusha? Akasema mpangaji anataka kukiona, kukiwasha ni hiari yake.

Kazi ya kuchagua nikapewa mimi, kwa kuwa nimesoma na niliwahi kuishi Dar. Ni kweli nilisoma Dar, fasihi, na ujuzi wangu wote wa viyoyozi ni kukaa chini ya kimoja kwenye ukumbi wa mihadhara nikiwa nimejifunga kanga mabegani na kumchukia aliyeshika rimoti. Nilipaswa kusema hivyo. Badala yake nilisema nitalifanyia utafiti. Kulikuwa na haraka pia: fundi wa dari alikuwa anasubiri. Mtambo mkubwa hupitisha hewa kwenye mabomba yanayolala juu ya dari, kwa hiyo lazima tuamue kabla dari halijafungwa. Likishafungwa limefungwa.

Kikao cha kwanza tulikifanya ghorofa ya tatu, mchana wa Januari, tukiwa tumekalia ndoo za rangi. Kupitia kile kioo tuliona anga yote ya upande wa Kisongo, na chini yake miti ikiyumba kwa upepo. Sisi hatukuusikia. Jua lilikuwa limeanza kuteremka na lilikuwa linaingia lote, bila kubisha hodi, na hewa ilikuwa na harufu ya gundi ya vioo. Nikasema kitu ambacho kwangu kilikuwa wazi kama jua lile: humu ndani mna joto kali, na shida yetu ya kwanza ni dirisha, kiyoyozi kitafuata.

Kaka akanitazama usoni, pale ambapo jasho lilikuwa tayari linashuka.

"Hilo ni joto lako," akasema. "Jengo halina joto."

Mdogo wangu akacheka, bila ubaya. "Dada, kubali tu. Ni ile hali. Hata mama alikuwa hivyo. Humkumbuki alivyokuwa anaacha chakula mezani anaenda kusimama kwenye migomba?"

Namkumbuka. Nilikuwa msichana, na siku zote nilidhani alikuwa amekasirishwa na baba. Lakini pale juu ya ndoo sikuwa na nafasi ya kumfikiria mama. Nilisema sina hali yoyote, afya yangu ni nzuri kabisa, asanteni.

Hapo ndipo nilipojifungia mlango mwenyewe. Nikikubali kwamba nina ile hali, basi kila ninachosema kuhusu jengo ni mwili wangu unaosema. Nikikana, lazima nionekane sina joto. Kwa hiyo kikao kilichofuata nilienda na sweta la sufu. La shingo ndefu. Nilikaa ndani yake mbele ya kioo kile kama kiporo kwenye hotipoti, nikieleza kwa sauti tulivu faida za madirisha, huku nikihesabu vifungo vya koti la kaka ili nisizimie. Naye, kwa vile ndiye aliyechagua kioo, hakuweza kulivua koti lake. Nadhani sasa kwamba tulikuwa wawili gerezani, kila mmoja akimlinda mwenzake asitoroke.

Wauza mitambo nao walikuja. Wa kwanza alikuwa kijana mtanashati aliyetuletea vipeperushi vinavyong'aa na habari za mtambo mmoja mkubwa wa kukaa juu ya paa, unaopoza jengo zima. Alisema mtambo huo unapenda jengo lililozibwa vizuri, na akatupongeza kwa kuliziba. Kaka akatabasamu. Nikamuuliza umeme ukikatika itakuwaje. Akasema jenereta. Na jenereta ikigoma? Akasema inategemea. Sikupata kujua inategemea nini, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa amechukua kipeperushi kimoja na anajipepea nacho, na kijana akapoteza maneno akimtazama.

"Mbona unajipepea?" nikamuuliza mdogo wangu kikao kilipokwisha.

"Nafukuza nzi."

Hapakuwa na nzi. Nzi angeingilia wapi?

Muuzaji wa pili alikuwa na viyoyozi vidogo, kimoja kila chumba, kila mpangaji na chake. Mimi nilivipenda, kwa sababu havihitaji jengo kuzibwa: ungekata vioo vichache vifunguke, siku nyingi za mwaka upepo wa Meru ungefanya kazi bure, na kiyoyozi kingesubiri siku zake chache za Februari. Lakini kila kimoja kina sanduku lake la nje, nalo lazima litundikwe ukutani. Kaka alisema jengo litaota vipele. Kuhusu kukata vioo hakutaka hata kusikia. Alisema Arusha ni baridi, nani anahitaji dirisha?

"Kama ni baridi, tunanunua AC ya nini?"

"Msomi," akasema kaka, na anaponiita hivyo najua nimeshindwa, "wewe chagua. Usitufundishe."

Nikanunua kipimajoto. Nilikitundika ukutani ghorofa ya tatu na kuwaacha wenyewe wakisome. Kaka alikisogelea, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Kimetoka wapi?"

Nikasema dukani, nimekuja nacho kwenye mkoba.

"Mkoba ulikuwa umeubeba wewe?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema, na kumgeukia mdogo wetu kama wakili aliyemaliza kesi.

Mambo yalivyokwenda baada ya hapo ni rahisi kueleza. Walikuwa wawili, mimi mmoja. Mtambo mkubwa ukapita. Fundi wa dari akaambiwa aje wiki inayofuata, baada ya mabomba kuwekwa. Kilichobaki ni sahihi yangu kwenye mkataba, kwa sababu kaka alitaka iandikwe kwamba ni mimi niliyechagua, mtaalamu wa familia. Siku nyingine nikifumba macho nilikuwa nawaona wazi wateja wa mdogo wangu chini ya mashine za kukaushia nywele, mlango umefungwa, umeme umekatika, jenereta inategemea. Na mbele yao, upande wa pili wa kioo, miti inayumba.

Ndipo nikaamua kusema. Niliwaita wote wawili, nikapanda ngazi taratibu ili lisiwepo la kusingizia, nikasimama mbele ya kioo na kulivua lile sweta. Nikawaambia: ndiyo, ninayo ile hali, ninayo siku nyingi, na nimekuwa nikiwadanganya. Nikasema najua joto langu linavyokuja na linavyoondoka, ninalijua kama sauti ya mtoto wangu. Linakuja ghafla na linapita. Hili la humu ndani halipiti.

"Nina hali," nikasema. "Lakini na jengo nalo lina hali yake."

Nilidhani ukweli ungenifungulia mlango. Mdogo wangu alinikumbatia, mwili wake umeloa kama wangu, akasema pole dada. Kaka akatazama viatu vyake. Si rahisi kwa mzee wa kanisa kumsikia dada yake akisema mambo ya namna hiyo mchana kweupe mbele ya barabara kuu. Akasema tuombe. Akafumba macho, na kwa sala ndefu, jasho likimdondoka kutoka kidevuni mpaka kwenye tai, akamwomba Mungu anipunguzie joto.

Tulipoitika amina nilikuwa nimeshakuwa mgonjwa. Hakuna anayebishana na mgonjwa, na hakuna anayemsikiliza. Kaka akanishika bega, akasema nisijisumbue tena na mambo ya mitambo, nitie sahihi tu, nikapumzike. Nilichukua mkataba, nikaubeba hadi Moshono, nikauweka mezani na kuufunika kwa sweta.

Siku chache zilizofuata sikutoka. Nilijiambia naandika. Kwa kweli nilikaa mlangoni nikipigwa na upepo, bila aibu sasa, na kila jirani aliyepita akiniuliza kama sisikii baridi nilimjibu kwamba nina ile hali, na wengine wawili wakasimama wakaniambia hata wao. Lilikuwa jambo zuri, lakini halikukata kioo hata kimoja. Mabomba yalikuwa yameshashushwa kutoka kwenye lori. Mdogo wangu alinitumia picha ya mabomba hayo. Yalikuwa yamepangwa sakafuni kama nyoka wa bati.

Simu ilikuja alasiri, saa ambazo jua linageukia Kisongo. Alikuwa kaka. Nikasema shikamoo. Hakuitikia marahaba, na kaka si mtu wa kusahau marahaba yake. Nilisikia akihema.

Akaniuliza kama nimeshatia sahihi. Nikasema bado. Akasema vizuri, vizuri. Kisha akaeleza, kwa mzunguko mrefu, kwamba alikuja kumsubiri fundi wa dari, wapime kabla ya mabomba kuwekwa kesho, na fundi amechelewa, na yeye hakuona sababu ya kushuka, akakaa kwenye ndoo na Biblia yake. Amekaa tangu baada ya chakula.

"Ile hali yako," akasema, sauti imeshuka kama mtu aliye kanisani. "Wanaume nao huipata?"

Nilitaka kucheka, lakini sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa anaogopa.

"Uko ghorofa ya tatu?"

"Niko ya tatu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Koti umevaa?"

Nilisikia ndoo ikikwaruza sakafu. "Nimelivua," akasema. "Na tai. Mdogo wangu, moyo unanienda mbio."

Nikamwambia ashuke ngazi taratibu, akasimame nje, chini ya miti ya jirani, na asikate simu. Nilisikiliza nyayo zake zikishuka, mwangwi wa ngazi, mlango wa chini. Kisha upepo ukaingia kwenye simu, mwingi, ukafunika kila kitu, na ndani ya upepo huo nikamsikia kaka yangu akivuta pumzi.

"Linapita?" nikamuuliza.

"Limepita," akasema. "Nilipotoka tu, limepita."

Nilikuwa na hotuba nzima tayari, ya miezi mingi, na sikuitumia.

"Fundi wa dari namwambia asije," akasema. "Na yule kijana arudishe mabomba yake. Wewe mpigie fundi wa vioo. Muulize anaweza kukata madirisha mangapi." Upepo ukavuma tena. "Na hayo mambo ya koti, mdogo wetu asiyajue."