Controller ya game ilivyoniaibisha mbele ya walimu Voi

Wakuu, salamu kutoka milimani. Hii ni kweli tupu, hata kama inanivua nguo mimi mwenyewe.

Nasoma diploma ya IT Voi, kwetu ni Werugha, juu milimani. Project yangu ya mwisho ilikuwa head tracking, yaani kompyuta ifuate kichwa chako, code yake nikaiandika kwa Python. Nilichukua controller ya game ya mtumba, ile yenye kamera ya infrared mbele (inaona mwanga ambao macho yetu hayaoni), nikaiweka chini ya screen. Kwenye kofia nikafunga taa mbili za infrared. Kamera inaona taa, Python inapiga hesabu, na ukisogeza kichwa, nyumba ya 3D inageuka kana kwamba unaichungulia dirishani.

Nisingepita, ningerudia mwaka mzima.

Nilijenga kila kitu jikoni kwa mama, maana kwetu ni baridi na ukungu hautoki dirishani. Ilifanya kazi safi, ila mara moja moja nyumba iliruka hadi kona ya screen.

Nikaleta shida hapa hapa jukwaani. Mnakumbuka?

Mmoja akasema ni-reinstall Python. Mwingine, anayejiita senior developer, akasema laptop yangu ni takataka. Kurasa mbili za ushauri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nimekaa wapi.

Mama hajawahi kugusa kompyuta. Siku moja akaniambia, "Nimeona nikichochea moto, hako kanyumba kako kanaruka."

"Mama, hizo ni mambo za code. Wewe nipatie chai."

Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomjibu. Msomi!

Siku ya demo tukashuka Voi pamoja, yeye akiwa na kabeji za kuuza sokoni. Saa nane mchana, walimu watatu, dirisha kubwa nyuma yangu halina pazia, na jua la Voi mnalijua. Nikavaa kofia kwa madaha.

Nyumba ikaruka kona, ikakataa kurudi. Nikabaki natingisha kichwa kama mbuzi mwenye kupe. Nikalaumu Bluetooth. Nikalaumu driver ya laptop. Mwalimu mmoja akaanza kufunga faili lake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuomba ruhusa. Akaingia, akafungua leso yake ya kiunoni, akaitundika dirishani.

Nyumba ikatulia.

Kumbe kamera ilikuwa inadhani jua ni taa ya kofia, vile vile ilivyodhani moto wa jikoni, maana vyote viwili hutoa infrared.

"Nani amegundua hiyo?" mwalimu akauliza.

Wakuu, nilitaka kusema mimi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Ni mama," nikasema, na nikaona aibu ya kweli.

Mwalimu akamgeukia. "Ulijuaje, mama?"

"Nilimwambia kitambo. Akaniitisha chai."

Walicheka mpaka machozi. Nilipita, lakini maswali yote yaliyobaki waliyauliza wakimwangalia yeye.

Funzo ni moja: code haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa limevaa kofia.

Haya, semeni yenu, nasoma zote. Mwenye kuniambia ni-reinstall, kwanza ampigie mamake.