Mama mkwe kamkata mwanangu kimeo, ukoo mzima unaniambia "hakukusudia"

Wakuu, habari za humu. Haya yamenitokea mimi, na mtoto ninayemzungumzia yuko mgongoni hapa ninapochapa. Nikiongeza chumvi mnifungie akaunti.

Naishi Ujiji, Kasingirima, kwa mama mkwe. Mume wangu yuko kwenye maboti ya mizigo, Kongo na kurudi. Mimi naanika dagaa Bangwe, na nikitoka, binti yangu Nasra nilikuwa namwachia bibi yake.

Nasra akashikwa na kikohozi. Mama mkwe akasema ni kimeo, akatwe.

Kwa wasiojua: kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wapo wazee wanakikata, wakiamini ndicho kinacholeta kikohozi. Mtoto mchanga, koo, kisu. Basi.

Nikamwambia, "Mama, hapana. Zahanati wamempa dawa, asikatwe."

"Sawa mwanangu, wewe ndiye mama yake."

Kesho yake akarudia, nikakataa. Akasema sawa tena. Hiyo sawa muikumbuke.

Siku moja dagaa walishuka wengi, nikawahi mwaloni, boti zinaposhushia. Mimi kutoka, na yeye kutoka, mtoto mgongoni, hadi mtaa mwingine, Buzebazeba, kwa mzee anayekata.

Narudi nakuta mbeleko imelowa damu. Mtoto nikimpa ziwa analia, hawezi kumeza.

Nikakimbia naye hospitali, tukalazwa. Daktari akauliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Yaani niliyeulizwa ni mimi.

Mtoto amepona, namshukuru Mungu. Hasira ndiyo haijapona.

Kikaitwa kikao. Baba mdogo wa mume wangu akaanza, "Mwanetu, mama yako hakukusudia. Anampenda mjukuu wake."

Nikasema, "Baba, kumpenda anampenda. Na kukusudia alikusudia."

Wifi yangu akadakia, "Kwa hiyo mama yetu ni muuaji?"

"Wifi, sijasema alitaka kumuua. Nimesema alikusudia kumkata."

"Si ni yale yale tu, unazunguka."

Wakuu, hapo ndipo nilipochoka. Watu wazima, wengine wamesoma kunizidi mimi wa kidato cha nne, wanashindwa kutenganisha vitu viwili.

Sababu ni kile kinachokusukuma. Kusudi ni kile ulichoamua kukifanya.

Sababu yake ni mapenzi, na hofu. Huyu mama aliwahi kuzika mtoto wake kwa kikohozi, kabla mume wangu hajazaliwa. Hilo silibishi hata kidogo, linaniuma na mimi.

Lakini kusudi lake lilikuwa kumkata mtoto ambaye mama yake amekataa asikatwe. Angejikwaa akamwangusha Nasra, ningesema hakukusudia, na pole ningempa mimi. Mtu hajikwai kutoka Kasingirima mpaka Buzebazeba.

Wakataka niombe msamaha kwa kumkosea heshima mama. Mume wangu naye kwenye simu, spika imefunguliwa: "Omba tu yaishe."

Yaishe nini sasa?

Mama mkwe muda wote alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Mwacheni. Nilikusudia. Nilingoja atoke kwa sababu nilijua atanizuia. Na akikohoa vile tena, nitampeleka tena."

Kikao kikafa palepale. Baba mdogo akaanza kutafuta kandambili zake.

Katika nyumba nzima, yeye peke yake ndiye alikuwa amenielewa. Na ndiye huyohuyo ambaye sasa simwachii mtoto.

Hatujagombana. Tunapika pamoja, jioni anampakata Nasra mbele yangu na kumwimbia. Asubuhi nikijiandaa kwenda Bangwe, ananisaidia kumfunga mgongoni. Anakaza mbeleko, anaivuta kuona kama imeshika. Kisha natoka naye.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiambiwa fulani hakukusudia, uliza kwanza alifanya nini na alijua nini. Kwa nini alifanya, hilo uliza baadaye. Mapenzi yake yanaweza kunifanya nimsamehe. Hayanifanyi nimwachie mtoto.

Wenye wakwe njooni tuongee, hata mnaoona nimekosea. Ila atakayekuja kuniandikia "lakini bibi anampenda" arudi juu asome upya, maana hilo nimeshalisema mwenyewe.

Ngoja nikageuze dagaa.