Gari la Sakafu Tupu

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja wa mvua kule Ekero, nimepiga magoti ndani ya gari langu mwenyewe, spana mkononi, nikifungua viti nilivyokuwa nimevifunga kwa fahari wiki mbili tu kabla. Tena nyumbani kwa wakwe! Nakusimulia kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu magari ya abiria unayoyataka, yenye mapazia na viti vya kulalia, nikajiona mimi nilipokuwa kijana.

Gari langu la kwanza lilikuwa vani kuukuu niliyonunua kwa mtu wa Lurambi. Bati tupu. Sakafu ya chuma, mabenchi mawili marefu ya kukunja ubavuni, vioo vya kuzungusha kwa mkono, redio hakuna. Shangazi yangu Rasoa, aliyekuwa akiuza kuku soko la Shianda, ndiye aliyenisaidia kulichagua, na alilipenda kupita mimi. Siku ya soko tulipakia matenga yake, jioni mke wangu Rispa akamwaga ndoo mbili za maji ndani, na Jumapili asubuhi lilikuwa safi, limebeba kwaya.

Lakini nilikuwa kijana wa kupenda kutazamwa. Wenzangu waliliita sanduku, na ikaniuma. Nikalipeleka kwa fundi mjini Kakamega. Akang'oa mabenchi, akafunga viti sita vya mahameli mekundu kwa nati nene, akabandika zulia, akatundika na mapazia. Nilirudi nikipiga honi tangu barabarani. Shangazi alilizunguka mara moja, akachungulia ndani, akauliza kuku wake watakaa wapi. Nikamjibu kwamba kuku hawapandi gari kama lile. Akasema polepole:

"Wewe, gari inabebanga watu na shida zao. Hii yako sasa inabeba maringo tu."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mbele ya mtu aliyenilea.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Ekero kuwasalimia wazazi wa Rispa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mama mkwe akateleza akitoka jikoni. Akavunjika nyonga. Walimrudisha jikoni wakamlaza chini, na mimi nikabaki nimesimama uani, maana unajua mila yetu: mkwe hamgusi mama wa mke wake, hamkaribii, hata mkono hampi. Nilikuwa nasikia anavyougua na siwezi kuingia. Msaada pekee niliokuwa nao ni gari.

Na gari lenyewe halikufaa kitu. Viti sita, na katikati kinjia cha kupita mtu mmoja aliyevuta tumbo ndani. Nesi mmoja jirani alikuwa ameonya kwamba asikunjwe wala asikalishwe, alazwe tu. Mashemeji wakasema basi ajikaze akae, hospitali iko mbali. Rispa akatoka jikoni machozi yakimtoka. Mama amekataa, akasema. Kukaa hawezi, na hata angeweza, hatakaa karibu hivyo na mkwe wake. Afadhali afie pale pale jikoni.

Ndipo nikachukua spana. Milango wazi, mvua inaingia, mashemeji wamejipanga wananitazama. Nati ya kwanza ikagoma. Ya pili ikanichuna vidole. Kila mama alipougua nilijitukana kimoyomoyo, na fundi wangu nikamtukana pia, ingawa yeye alifunga tu nilichomtuma. Kiti kikitoka nakitupa matopeni. Zulia nililipasua kwa panga. Sitakudanganya, niliogopa: akifa yule mama, nitaishi na Rispa kwa macho gani?

Kiti cha sita kilipotoka, ikabaki sakafu tupu, vile nilivyoinunua. Wanaume wanne wakamleta mama juu ya godoro, likaingia lote kwa mara moja. Wanawake wakachuchumaa kando wakimshika. Rispa akachukua shuka, akaifunga dirisha hadi dirisha nyuma ya kiti changu, pakawa na chumba chake na chumba changu. Mama akaona hilo, akakubali. Niliendesha hadi Kakamega bila kugeuza shingo, gia ya pili kila penye mashimo ya matrekta ya miwa, na neno moja sikumsemesha.

Daktari alisema tulifanya vizuri kumlaza sawasawa, na kwamba atatembea tena. Aki, mwanangu! Nilitoka nje, nikakaa kwenye mlango wa lile bati, nikalia machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Watu walipita wakaniona, na sikujali. Baadaye Rispa alitoka wodini na ujumbe wa mama yake, kwa kuwa mwenyewe asingeweza kuniambia.

"Mama anakushukuru," akasema. "Anasema garini alikuwa na nafasi."

Basi nisikilize. Nunua lile la kawaida. Nunua lenye mlango mpana, sakafu ya kuoshwa kwa ndoo, viti vinavyotoka bila kuita fundi, na likiharibika mtu wa hapa Shianda aweze kulitengeneza. Wakikucheka, waache wacheke, siku ya shida watakuja kugonga kwako. Na kabla hujaongeza pambo lolote ndani, jiulize kwanza linachukua mahali pa nani. Mimi nililijibu swali hilo nikiwa nimechelewa, na ni rehema ya Mungu tu kwamba sikuchelewa kabisa.

Mungu akutangulie kila barabara, mwanangu. Akupe mikono iliyotulia kwenye usukani, na watu wengi wa kukuita wakiwa na shida, na usiwahi hata siku moja kumwambia mmoja wao kwamba gari limejaa.