Ukuta Uliolewa Maji

Viatu vipya vya mpira vikikaa kwenye joto hutoa harufu ya gundi inayokaba koo. Hapa Guangzhou, kwenye maduka ya jumla ya Zhanxi, harufu hiyo hukupokea kabla laoban, yaani mwenye duka, hajakukaribisha. Nimetanga miji mingi tangu nimalize kidato cha nne, lakini kila nikiivuta harufu hii narudi kwenye stoo ya michezo ya chuo cha ualimu, kwetu nyanda za juu kusini, ambako baba yangu alifanya kazi. Mipira ya miguu, ya pete na ya wavu ilining'inia humo, na mikuki ya kurusha ilisimama pembeni. Baba alikuwa kocha wa yote hayo, tena ndiye aliyekuwa idara nzima ya michezo: yeye kuomba lori, yeye kutafuta maharage ya timu ngeni, yeye kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa. Wanachuo walimwita Mwalimu Mlelwa mbele yake, na Filimbi nyuma yake.

Masika ninayoyakumbuka nilikuwa darasa la tano, na chuo chetu kilikuwa mwenyeji wa mashindano ya vyuo. Mvua haikutupa nafasi. Uwanja ulizungushiwa ukuta wa matofali mabichi, na upande wa nyuma, karibu na jiko la chuo, ulikuwa umeanza kuvimba kama tumbo la ng'ombe, maji yakipita miguuni pake. Kila jioni baba aliugusa kwa kiganja, kisha akarudi nyumbani. Aliomba saruji kwa mkuu wa chuo, akaambiwa asubiri mashindano yaishe. Sisi watoto alitukataza hata kukaa kivulini pake. Shuleni tuliimbishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta; hatukuambiwa kwamba ukuta nao huweza kumjia mtu.

Siku ya fainali ya mpira wa miguu zilivuma habari kwamba kamati ya ufundi ya wageni imefukia kitu getini. Kwetu kila mpenzi wa soka anajua kamati hiyo haina mafundi; ina waganga. Wengine walisema ni yai, wengine kichwa cha kuku. Hakuna aliyekiona. Dawa yake inajulikana: timu haipiti getini, inaruka ukuta. Nahodha wetu alikuwa Method, winga mwenye mbio za swala, aliyependa kuniita mchumba na kunichekesha hadi nikajificha nyuma ya mama.

"Mwalimu, getini hatupiti," alisema. "Turuke kule nyuma, hawajatuwekea mtu."

"Ukuta ule umelewa maji, Method."

"Ukuta tunauona, Mwalimu. Cha getini hatukioni."

Wenzake walicheka na kupiga makofi. Mkuu wa chuo akaja na suti yake, akasema bila kupunguza sauti, "Mlelwa, waache vijana waruke. Wageni wa mkoa wamekaa. Au idara itafute mtu mwingine?" Baba aliutazama ukuta, akatutazama mama na mimi tuliosimama pale, kisha akasema, "Basi, mmoja mmoja. Taratibu." Lakini timu iliyopandisha mori haiendi mmoja mmoja. Mtu alianzisha wimbo, wakapanda wote. Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, kama mzee aliyechoka kusimama, na Method alikuwa chini yake.

Alipona, ila mguu haukurudi kuwa mguu. Alipata cheti, akafundisha akiwa amekaa. Baba aliendelea na kazi hadi kustaafu, akaleta makombe, akalea makocha ambao leo wana makocha wao. Kila timu mpya aliitangulia kupita getini. Mkubwa yeyote aliyembana alimjibu, "Niandikie barua ya uhamisho." Walimhamisha, wakamrudisha, wakamhamisha tena.

Sasa wanafunzi wa kwetu Afrika Mashariki wanaosoma vyuo vya hapa wamenifanya meneja wa timu yao, kwa kuwa najua jezi za bei nafuu zinapopatikana. Jumapili iliyopita tulikuwa na mechi kwenye uwanja wa nyasi za plastiki, ambao geti lake linasoma sura. "Anti, hapa uchawi haupiti, geti linakagua uso," walitania wakiingia. Kisha wingu jeusi likapanda kutoka kusini, radi ikaanza kunguruma, na uwanja ule umezungukwa na nguzo za chuma. Tukiondoka, pointi zinakwenda na ligi inakwisha. "Anti, radi iko Nansha huko, bandarini! Tucheze kipindi kimoja tu." Niliusikia ulimi wangu ukiandaa maneno: chezeni, ila kwa uangalifu. Nikayatambua maneno hayo yalikotoka. Nikawaambia wavue viatu, watoke.

"Umetuchoma, mathe," alisema nahodha, kijana wa Nairobi, bila kunitazama. Mvua ikanyesha kidogo, jua likatoka, radi haikupiga popote. Jioni waliniondoa kwenye kundi lao la simu. Baba alibishana na wakubwa miaka yote akiwa na kifusi cha kuwaonyesha. Mimi sina kitu cha kuwaonyesha vijana hawa, isipokuwa miguu yao wenyewe.