Tangazo la Cherehani za Bure

Asubuhi ile watu arobaini na saba walikuwa mlangoni kwangu, na kila mmoja alitaka apewe cherehani mpya. Bure.

Mimi sina cherehani hata moja ya kugawa. Mimi ni fundi. Natengeneza za watu.

Niliwahesabu nikiwa nimesimama kwenye kona ya uchochoro.

"Ndiye huyo!" mmoja akapaza sauti. "Ndiye yule wa kwenye picha ya tangazo!"

Kimeumana.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, muone nilivyojitia kitanzi mwenyewe.

Ufundi huu mimi na kaka yangu tumeurithi kwa marehemu baba. Kibanda chetu kiko uchochoroni, nyuma ya maduka ya viatu. Asiyetujua anaweza kupita hatua kumi kutoka mlangoni na asituone. Kwa hiyo nikafungua tovuti.

Kaka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Cherehani inaharibika nyumbani kwa mtu, wewe unaitafuta hewani?"

"Subiri uone," nikamwambia.

Tukasubiri. Mwezi wa kwanza waliingia wageni tisa. Wanne kati yao ni mimi mwenyewe, naingia kuangalia kama kuna mtu ameingia.

Ndipo nikampata Mtaalamu. Aliitwa Mtaalamu kwa sababu ndivyo alivyojiita. Nadhifu, maneno yanamtoka kama yamepakwa mafuta ya mashine.

"Dada yangu, kazi unaijua. Shida yako ni watu kuingia. Niachie matangazo, niachie na makala. Utakimbia mwenyewe."

Hilo la kukimbia, kwa kweli, hakunidanganya.

Makala alizoniandikia zilinitia wasiwasi. Moja ilianza hivi: "Fundi bora wa cherehani bora ni fundi bora anayetengeneza cherehani bora."

Nikamuuliza, hii inamsaidia nani?

"Hiyo hatuwaandikii watu, dada. Tunaiandikia mashine inayotafuta. Mashine ikikupenda, watu watafuata."

Nikamwacha aendelee. Mimi ni nani nibishane na mtaalamu?

Wageni wakapanda. Mia mbili. Mia nane. Elfu tatu kwa siku! Lakini simu kimya. Walikuwa wanaingia na kutoka kabla hujapepesa jicho. Nikalalamika. Akasema atabadilisha tangazo "liwe na mvuto zaidi".

Siku tatu baadaye, ndio hao arobaini na saba.

Kabla sijafika, kaka alikuwa amenipigia; yeye alikuwa ameshaingia ndani kwa mlango wa nyuma. "Wameshajaa. Zunguka, pitia nyuma. Nitawaambia umesafiri."

Nikafikiria. Haki ya Mungu, nilifikiria. Lakini kibanda kile kilijengwa na baba yangu. Niingie kwa kunyata kama mwizi, kwenye kazi yangu mwenyewe?

Nikapita katikati yao. Nikafungua kufuli. Nikapanda juu ya kigoda.

"Jamani, nisikilizeni. Tangazo hilo sikuliandika mimi. Aliyeliandika nampigia sasa hivi, mbele yenu."

Nikaweka simu kwa sauti kubwa.

"Mtaalamu, umewaambia watu nagawa cherehani?"

"Dada, si nilikutumia tangazo ulione kwanza? Ukanijibu 'sawa, endelea'. Ujumbe wako ninao hapa."

Uchochoro mzima ukasikia.

Nikaangalia. Kweli. Alinitumia maneno marefu, mimi nilikuwa nimeshika bisibisi mkono mmoja, nikajibu bila kusoma.

Nikashuka kwenye kigoda.

"Tapeli!"

"Nimefunga biashara yangu nije hapa!"

Mbele kabisa alisimama mama mmoja mwenye miwani. Yeye hakupiga kelele. Aliniangalia tu. Afadhali angenitukana.

"Mama," nikamwambia, "kosa ni langu. Nilikubali kitu nisichokisoma. Cherehani za bure hazipo. Lakini mlango sifungi, na sikimbii. Mwenye cherehani mbovu ailete, nitaiangalia bila malipo. Asiyeweza kuileta anieleze inavyomsumbua, hapa hapa, nimwambie la kufanya."

Kaka akanivuta mkono. "Umechanganyikiwa? Unawafundisha watu kazi yetu? Sisi tutakula bisibisi?"

"Kama kazi yetu inakwisha kwa kuulizwa maswali, kaka, basi haikuwa kazi."

Wengi waliondoka wakinilaani. Haki yao. Walibaki kumi na wawili.

Mama wa miwani akaanza. "Yangu inakata uzi kila nikishona kitambaa kizito. Fundi mmoja aliniambia nitafute nyingine."

"Sindano umeibadilisha lini?"

"Kwani sindano hubadilishwa?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Nikamwonyesha upande wa bapa wa sindano unavyotakiwa kukaa, na kwa nini kitambaa kizito kinataka sindano nene.

Nilijibu maswali mpaka adhuhuri, koo limenikauka. Na nikagundua jambo. Watu walikuwa kumi na wawili, lakini maswali yalikuwa sita tu, yanarudiwa.

Yale sita ndiyo niliyoyaandika kwenye tovuti.

"Kwa nini cherehani yako inakata uzi." "Ikiruka mishono, anza na sindano kabla hujamlaumu mtu." Niliandika ninavyoongea. Nikapiga picha, vidole vyangu vikiwa na mafuta hivyo hivyo. Na pale ambapo mtu akijaribu mwenyewe ataharibu, niliandika wazi: hapa acha, peleka kwa fundi, yeyote aliye karibu nawe.

Makala za Mtaalamu nikazifuta zote. Matangazo yake nikayasimamisha.

Akanitumia ujumbe. "Utarudi kwangu kwa magoti."

Nikamjibu, "Magoti nayapiga nikichungulia uvunguni mwa cherehani tu."

Maneno makali, lakini hayakuniletea mgeni. Wageni waliporomoka kutoka elfu tatu mpaka kumi na mmoja. Kaka alipiga mluzi tu, ule mluzi wa "si nilikuambia".

Nikaandika tena. Kila wiki makala moja, kila makala swali la mtu wa kweli. Kumi na mmoja wakawa thelathini. Thelathini wakawa mia. Na hawa hawakuwa wapita njia. Mtu anakaa dakika nane, anasoma huku cherehani yake imefunguliwa mezani.

Kisha simu zikaanza.

"Fundi, nimefuata maelezo mpaka pale ulipoandika niache. Nimeacha. Sasa nakuja."

Hapo ndipo nikarudi kwenye matangazo, safari hii kwa mkono wangu. "Cherehani inakata uzi? Soma sababu tatu." Anayebonyeza anazikuta tatu, si mbili, si ahadi.

Kaka akaacha mluzi. Siku hizi ndiye anayeniletea maswali. "Andika na hili, huyu wa leo amenitoa jasho."

Mwaka na nusu ukapita. Siku moja mchana, nani anaingia kibandani? Mtaalamu.

Nikajua kaja kunitania. Kumbe.

"Dada, nina mteja anauza cherehani. Matangazo yake hayashiki kabisa. Kila tukichunguza wanaopenda kushona wako wapi, tunawakuta kwako. Tunaomba kutangaza kwenye tovuti yako."

Nikamwambia anipe tangazo. Nikalisoma taratibu, yeye amesimama.

"Hapa umeandika haiharibiki milele."

"Ni lugha ya biashara tu, dada."

"Mimi ni fundi. Cherehani isiyoharibika sijawahi kuiona. Futa hilo neno."

"Nikilifuta, halitakuwa na mvuto."

"Basi halitakuwa kwangu."

Akaondoka amenuna. Kaka akaguna, "Umefukuza ulaji." Nikamwambia nimefukuza foleni nyingine mlangoni.

Wengi mnaniuliza siri ya kupata wageni mtandaoni. Mgeni ni mtu. Amekaa mbele ya mashine iliyokwama, na mwenye nguo anakuja kuichukua jioni. Ukimwita kwa uongo atakuja, tena mbio, na utalazimika kumtazama usoni. Mwite kwa unachokijua. Na wakikuambia njia hiyo ni ndefu, waambie ni kweli, kisha endelea kuandika.