Dada yangu alisugua vyungu vyangu vya Kijapani mpaka vikang'aa

Wakuu, niaje. Hii imenipata mimi mwenyewe na sijaiongezea chumvi.

Mimi ni firstborn. Wazazi walipotuacha, nilitoka shule Form Two nikaanza kazi za bustani ili wadogo wangu wasome. Nyumbani Waithaka nimebaki na lastborn wetu, Mwende. Amepata nafasi ya nursing, anangoja tu mimi nipate fees.

Kuna Mjapani nilimtunzia bustani huko Muthangari. Alikuwa anakuza bonsai, ile miti midogo inayoishi kwa chungu miaka na miaka. Akirudi kwao aliniachia chungu kimoja cha zamani, kimefinyangwa kwa mkono, muhuri wa mfinyanzi uko chini.

Hapo ndipo nilishikwa na mapenzi ya hivi vyungu. Nikaanza kuvitafuta.

Kimoja nilikitoa kwa muuza mitumba town, alikuwa anawekea funguo. Kingine kilikuwa kwa jirani, kuku wanakunywia maji. Sijui kilifikaje Waithaka, msiniulize.

Jirani alinicheka sana. "Haki Musyoka, unanipea basin mpya juu ya hii takataka? Uko sawa kweli?"

Sasa, uzuri wa hivi vyungu uko kwa ngozi. Maji, udongo na mikono ya watu hukipa chungu weusi fulani laini, kama mpini wa jembe la zamani. Hiyo ndiyo collectors wanatafuta. Huoshi. Unapangusa na kitambaa kikavu, basi.

Mwende sikuwahi kumwambia hayo. Niliona aibu, firstborn mzima kuhangaika na vyungu.

Juzijuzi nikapata collector, mzee wa Lavington. Aliona picha, akasema akiridhika atachukua vyote. Mwende angeenda college. Nikamwambia Mwende mgeni anakuja Jumamosi kuona vyungu, na siku hiyo nikaenda kumngoja mzee pale stage ya Adams nimwonyeshe njia.

Mnajua kwetu mgeni akija, sufuria husuguliwa mpaka ujione ndani. Mama alitulea hivyo.

Tulipofika, vyungu vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa cha mama. Vyote vina rangi ya matofali mapya. Mwende alitumia steel wool, jivu na dawa ya choo.

Mzee aligeuza kimoja, akaangalia muhuri, akakirudisha polepole.

"Kijana, hivi vilikuwa vizuri sana."

Chai hakumaliza. Nilimsindikiza hadi kwa gari.

Nikirudi nilimpata Mwende mlangoni, vidole vimechubuka. "Bro, amependa? Nimetoa uchafu wote, hata ule ulikuwa umekwama."

Nikamwambia amependa, ameenda kufikiria.

Wakuu, ile ngozi hairudi upesi. Itachukua miaka, na college haitangoja. Kila jioni Mwende ananiuliza kama mzee amepiga simu. Nasema bado.

Nilichojifunza ni hiki: kitu unachokipenda, waeleze watu wa nyumbani kwako, hata kama unadhani watakucheka. Mimi nilinyamaza, na yeye akanisaidia kwa njia aliyoijua.

Sasa nishaurini. Nimwambie ni mikono yake iliharibu, ama nimwache aamini mzee alibadilisha nia? Nimejaribu kumwambia mara kadhaa, nikaangalia vile vidole nikashindwa.

Andikeni chochote. Mimi mnaweza kunitukana, lakini yeye msimguse.