Fundi Anayechomoa Kebo Mchana Kweupe

Saa nne asubuhi, mabenchi ya kituo cha afya yameshajaa. Kwenye chumba kilichokuwa cha ndoo na mafagio, mwanamke mwenye bisibisi nyuma ya sikio amepiga magoti mbele ya kisanduku kidogo cha ukutani. Hapo ndipo kebo ya intaneti inapoingia kutoka barabarani. Ameishika kwa vidole viwili, na anataka kuichomoa.

Muuguzi mkuu amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, wagonjwa wote hawa unawaona?"

"Ninawaona, Sista. Ndiyo maana nimekuja sasa hivi."

Hapa wanamwita Bi Chomoa. Kazi yake ni kuhakikisha mtandao hauzimiki, na namna yake ya kuhakikisha ni kuuzima kwa makusudi watu wakiwa kazini. Kujaribu wakati hakuna mtu, anasema, ni kama kukagua mwavuli jua likiwaka.

Mama mkwe wake, anayebaki nyumbani na mjukuu, huwaambia majirani kwamba mwanawe kaoa mtu anayelipwa kwa kuharibu.

Leo utani umewekwa kando. Kituo hiki hakina daktari wa kusoma picha za eksirei. Picha hutumwa kwa mtandao kwa daktari aliye mji mwingine, na majibu hurudi mgonjwa angali kwenye benchi. Uongozi umeshatamka: huduma hiyo ikikwama tena, basi. Wagonjwa watarudi kupanda gari hadi hospitali kuu, safari ya nusu siku, na fundi atatafuta riziki pengine.

Hiyo "tena" ina kisa chake.

Kwenye kabati la chumba hicho mna ruta mbili, vifaa vya kupitisha mtandao, kila moja na kebo yake ya nje, kutoka kampuni tofauti. Moja inashika zamu, nyingine inamsikiliza mwenzake. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inapokea kazi. Alipozifunga, Bi Chomoa alizijaribu kwa kuzima umeme wa ile ya kwanza. Ya pili ikapokea zamu bila kusuasua, na watu wakapiga makofi.

Kisha wachimba barabara wakaikata kebo ya ile ya kwanza huko nje. Binti wa shule aliyekuwa ameanguka alilala kitandani, picha ya mguu wake imeshapigwa, haiendi popote. Taa za ruta zote mbili zilikuwa kijani.

"Ile ya pili imekaa tu, kama mgeni rasmi," anakumbuka Sista. "Mwenzake kashindwa kazi, yeye anatazama."

Binti akapakiwa kwenye gari, mguu umefungwa kwa mbao, analia kila gari linapoingia shimoni. Mguu ulipona. Bi Chomoa alienda kumwona, akarudi na kufungua upya madaftari yake ya masomo ya jioni, aliyosoma miaka ile akitengeneza simu mchana.

"Ya pili ilikuwa inauliza swali moja tu: upo?" anaeleza. "Ya kwanza inajibu: nipo. Na kweli ipo, ina umeme, haiumwi. Ila njia yake ya kutokea imekatika. Sikuwa nimeifundisha kujiuliza: je, ninafika nje?"

Sasa ameifundisha. Kila mara ruta ya kwanza inabisha hodi kwenye kompyuta ya mbali. Isipoitikiwa, inajishusha cheo yenyewe na kumwachia mwenzake zamu.

Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Leo ndiyo siku ya kuona.

Katika chumba cha picha, dereva wa pikipiki aliyeumia bega ameketi akikunja uso. Mpiga picha anabonyeza kutuma. Bi Chomoa anachomoa kebo ya ruta ya kwanza.

Mstari wa kuonyesha utumaji kwenye skrini unasimama. Mkuu wa kituo, aliyekuja kushuhudia, anavua miwani, anaivaa tena. Sista, aliyehamia humo, ameshusha mikono kutoka kiunoni bila kujua. Mstari unarudi mwanzo, unasita, halafu unaanza kutambaa, na safari hii haugeuki hadi mwisho.

Majibu yanapofika, bega limeteguka tu, halijavunjika. Dereva, ambaye hajui lolote kuhusu kebo wala ruta, anauliza kama anaweza kuondoka na pikipiki yake.

"Pikipiki ipumzike, baba," anamwambia Sista, "na wewe upumzike."

Mkuu wa kituo anamgeukia fundi. Anasema huduma inaendelea, na anataka fundi aende pia kwenye vituo vingine viwili ambavyo pia anavisimamia.

Kebo inarudishwa. Bi Chomoa anasubiri njia itulie, ruta ya kwanza ichukue tena zamu yake. Anapoinuka, Sista anamzuia.

"Hebu nichomoe mimi."

Anaichomoa taratibu, kama anayetoa sindano mkononi mwa mtoto. Vyumba vyote vinaendelea na kazi.

Huo ndio mpango wa Bi Chomoa kwa vituo vipya: kila kimoja kiwe na mtu wake mwenye ujasiri wa kuchomoa, bila kumsubiri yeye.

"Ninachotamani," anasema akikunja kitambaa chake cha kufutia vumbi, "kebo ikikatika tena huko barabarani, mimi nisijue. Nije nisikie baadaye, kwa kupita tu, Sista akinisimulia mambo mengine kabisa."